Panda vilima kabla presha haijakupanda

WAULIZE wakazi kumi wa Mjambere wanakokwenda kunyoosha viungo siku ya Jumamosi. Huenda watano wakakutajia ufuo wa Pirates, wawili wakakutajia jimu, na watatu waliobaki wakacheka tu. Ni nadra kumpata atakayekutajia Rabai, Ribe au Kaloleni. Vilima hivyo viko nyuma ya migongo yetu, ng'ambo ya mkono wa bahari wa Tudor, lakini kwa watu wengi wa Kisauni ni kama viko nchi ya mbali. Twavijua kwa nazi, maembe na mnazi vinavyotoka huko. Wenyewe hatuendi ila kwa mazishi na harusi.

Maoni yangu ni kwamba tunaacha dawa iliyo karibu na nyumba zetu. Njia zinazopita katika vilima hivyo, pamoja na ile inayopanda kutoka Kombani hadi Kwale, zinaweza kumfaa mkazi wa Mombasa kuliko chupa nyingi za vidonge, maadamu atazipita kwa baiskeli, kwa mwendo wa kiasi, na kwa kuchagua njia vizuri. Dawa hii haina ada ya kila mwezi. Lakini ina masharti yake, na sharti moja haliwezi kutimizwa na mgonjwa peke yake. Hilo nitalieleza mwishoni.

Ugonjwa usiopiga hodi

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilifanya uchunguzi wa nchi nzima kuhusu magonjwa yasiyoambukiza. Ilibainika kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya kila wanne alikuwa na shinikizo la damu lililo juu, yaani presha. La kutisha zaidi ni kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa presha maishani mwao. Maana yake ni kuwa wengi wetu tunatembea na ugonjwa huu bila kuujua.

Presha haiumi kama jino wala haiwashi kama upele. Mtu huenda kazini, hucheka na jirani, hula chakula chake, na ndani ya mwili mishipa yake inazidi kuwa migumu. Siku ya siku anaanguka msalani, mdomo umekwenda upande, na familia inaanza kutafuta nani aliyemroga. Kumbe hakurogwa. Ni kiharusi, na kilikuwa njiani miaka mingi.

Mbona ugonjwa huu umetuzoea sisi watu wa mjini? Sababu ni nyingi, zikiwamo za kurithi. Hata hivyo, mbili ziko mikononi mwetu. Ya kwanza ni chakula: chumvi nyingi, mafuta yaliyokaangiwa viazi karai tangu asubuhi, na chai yenye sukari ya vijiko vitatu. Ya pili ni kukaa. Kutoka nyumbani hadi stendi tunapanda bodaboda. Kutoka stendi hadi kazini tunapanda matatu, na hapo daraja la Nyali linatuweka tumeketi katika msongamano kwa muda ambao mtu angekwisha fika kwa miguu. Kazini tunaketi. Jioni tunarudi na kuketi barazani. Mwili ulioumbwa kwenda umegeuzwa kuwa mzigo wa kubebwa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kiasi kila wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi mazito. Usishtuke kwa hesabu hiyo. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Ukiwa na safari moja ya saa moja na nusu Jumamosi, na nusu saa mbili katikati ya wiki, hesabu imetimia.

Je, baiskeli yasaidia kweli? Mwaka 2017 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha utafiti uliofuatilia watu zaidi ya 260,000 wa nchi hiyo kwa miaka kadhaa. Waliokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na uwezekano wa kufa, kwa sababu yoyote ile, uliokuwa chini kwa asilimia 41 kuliko wale waliokwenda kwa gari au kwa vyombo vya umma. Bila shaka huenda waendesha baiskeli hao walikuwa na tabia nyingine njema pia, na watafiti walijitahidi kulizingatia hilo katika hesabu zao. Hata ukipunguza nusu ya faida hiyo, bado sijui kidonge ambacho kingekupa mengi hivyo bila kudai chochote ila jasho.

Kwa nini mlimani?

Msomaji atauliza: kama ni baiskeli, si niizungushe hapa hapa Kisauni kwenye tambarare? Naam, na ni vyema kuanza hivyo. Lakini mlima una kazi yake.

Mahali tambarare baiskeli ikishika mwendo hujiendea yenyewe, na moyo hauna haja ya kuharakisha. Mwinuko haukubali uvivu. Ukiacha kukanyaga pedali, baiskeli inasimama. Misuli ya mapaja, ambayo ni miongoni mwa misuli mikubwa kabisa mwilini, inalazimika kufanya kazi, na misuli ikifanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu. Ndiyo maana mazoezi ya namna hii huwafaa pia wenye kisukari. Moyo nao husukuma damu kwa nguvu ili kuilisha misuli hiyo. Kisha unafika juu, njia inateremka, na moyo unapata nafasi ya kupumua kabla ya mwinuko unaofuata. Kazi na mapumziko, kazi na mapumziko. Makocha wa riadha huwapangia wanariadha wao mazoezi ya aina hiyo kwa saa na kipenga. Vilima vya Rabai na Ribe vimekupangia bila kocha, kwa sababu si mlima mmoja mrefu bali ni mabonde na vilima vinavyofuatana.

Faida nyingine ni ya magoti. Mtu mzito akikimbia, kila hatua humpiga magotini na kwenye vifundo vya miguu. Juu ya baiskeli uzito wake hubebwa na kiti. Muradi kiti kimeinuliwa vya kutosha, mguu ukakaribia kunyooka pedali inapokuwa chini, hata mama wa miaka 55 anayelalamikia magoti anaweza kuendesha bila maumivu. Wengi wanaosema baiskeli imewaumiza goti walikuwa wamekaa kwenye kiti kilichoshushwa mno.

Mwendo upi ni wa kiasi? Huhitaji mashine ya kukuambia. Ukiwa unapanda, jaribu kuzungumza na mwenzako. Kama unaweza kusema maneno kadhaa mfululizo lakini huwezi kuimba, uko sawa. Kama huwezi hata kusema "ngoja", umezidisha. Shuka, usukume baiskeli. Hakuna aibu. Wachuuzi wa mnazi na nazi, ambao wamepanda vilima hivyo maisha yao yote kwa zile baiskeli nzito tunazoziita Black Mamba, hushuka na kusukuma kila mwinuko unapokuwa mkali. Hao ndio mabingwa wa njia hizo, na hawaoni haya.

Njia tatu za kuanzia

Njia ya kwanza ni ya mwanafunzi. Kutoka Mjambere, badala ya kugeukia barabara kuu ya Malindi yenye mabasi na malori, elekea upande wa bara, Kiembeni na kwingineko, ambako nyumba zinapungua na ardhi inaanza kuinuka kidogo kidogo. Nenda nusu saa, urudi nusu saa. Fanya hivyo kwa wiki nne au tano kabla hujafikiria vilima vyenyewe. Tahadhari moja: kule Mwakirunge liko jaa la taka za mji wetu. Siku ukiona moshi umetanda, geuza baiskeli urudi, kwa kuwa hakuna faida ya kufungua mapafu ili yapokee moshi wa plastiki.

Njia ya pili ndiyo hasa niipendayo: Mazeras, Rabai, Ribe hadi Kaloleni. Yote haifiki kilomita 30. Kosa ambalo wengi hufanya ni kutaka kuendesha kutoka nyumbani hadi Mazeras kupitia Changamwe na Miritini. Barabara hiyo ni ya malori ya bandari, na hakuna zoezi linalostahili kufanywa kati ya magurudumu yao. Changeni nauli watu wanne au watano, mkodi pikapu, mpakie baiskeli zenu, na safari ianzie Mazeras. Wanaoanza waishie Rabai na kurudi. Waliozoea wafike Ribe. Walioiva wafike Kaloleni, na wenye kifua kabisa waendelee hadi Mavueni karibu na Kilifi, ambako zimebaki zaidi ya kilomita 30 nyingine, kisha warudi kwa gari.

Njia hii ina mambo mengi ya kukufanya usahau kwamba unafanya mazoezi. Rabai ndipo Johann Ludwig Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walipojenga kituo cha misheni mwaka 1846. Miaka miwili kabla, mwaka 1844, Krapf alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao mchanga huku kwetu Kisauni, baada ya homa kuwashambulia. Akapanda vilimani. Kutoka Rabai, Rebmann alifunga safari ya miguu mwaka 1848 na kuuona mlima Kilimanjaro na theluji yake, habari ambayo mabingwa wa jiografia huko Ulaya walikataa kuiamini. Leo pale Rabai pana makumbusho, na nyumba walizokaa wamishenari hao bado zimesimama. Ribe nako Wamethodisti walianzisha misheni yao mwaka 1862. Wote hao walipita njia hizi kwa miguu. Wewe una magurudumu mawili.

Kando ya njia utaona misitu minene juu ya vilima. Hizo ni kaya za Wamijikenda, ambazo tangu mwaka 2008 zimo katika orodha ya Unesco ya urithi wa dunia. Usiingie na baiskeli yako kana kwamba ni kichaka kisicho mwenyewe. Kaya ina wazee wake, na mgeni husubiri kukaribishwa. Ukiwasalimu wenyeji na kuuliza njia kwa adabu, utapata zaidi ya njia. Utapata kivuli, maji na dafu, na shilingi zako chache zitabaki kijijini.

Njia ya tatu ni ya kwenda Kwale. Unavuka Likoni kwa feri, unafuata barabara ya Lunga Lunga hadi Kombani, kisha unaiacha na kuanza kupanda. Mji wa Kwale uko karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake utaitambua mara tu utakapofika. Huu ni mpando mrefu ambao hauna mabonde mengi ya kukupumzisha. Usiujaribu kabla ya kufika Kaloleni na kurudi ukiwa na nguvu. Huko juu imepakana hifadhi ya Shimba Hills, iliyotangazwa mwaka 1968, maskani ya tembo na ya palahala, swara ambaye katika Kenya nzima hapatikani porini mahali pengine. Kwa sababu ya hao tembo, usiendeshe baiskeli kandokando ya hifadhi alfajiri kungali giza wala jioni jua likizama. Waulize kwanza askari wa wanyamapori na wenyeji.

Kabla ya kukanyaga pedali

Sasa masharti. La kwanza: pimwa. Ikiwa umepita miaka 40, au una presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au unene uliozidi, nenda zahanati kabla ya kupanda mlima wowote. Kupima presha huchukua dakika chache. Presha ikiwa imefika 180 kwa 110 au zaidi, baiskeli na isubiri mpaka daktari aishushe. Haya si maneno ya kukuogofya. Mtu aliyepimwa huenda na moyo mkunjufu.

La pili: kama unatumia dawa, usiziache kwa kuwa umeanza mazoezi. Mwulize daktari zinavyopatana na jua na jasho. Zipo dawa za presha zinazokufanya ukojoe sana, na mtu anayezitumia hukaukiwa na maji upesi. Zipo nyingine zinazoupunguza mwendo wa moyo, hata ukihesabu mapigo ukadhani hujachoka. Huyo atumie kipimo cha kuzungumza nilichokwisha kutaja. Mwenye kisukari anayejidunga insulini achukue tende au peremende mfukoni, maana sukari inaweza kushuka akiwa njiani au hata saa kadhaa baada ya kurudi nyumbani. Aidha akague nyayo zake kila atokapo, kwa kuwa lengelenge dogo kwake si jambo dogo.

La tatu: saa na majira. Ondoka alfajiri kukishapambazuka ili kufikia saa nne asubuhi uwe umemaliza au umeketi kivulini. Miezi mizuri zaidi ni ile ya kusi, Juni hadi Agosti, jua linapokuwa pole. Kumbuka tu kwamba ukirudi kutoka Kaloleni, upepo wa kusi utakupiga kifuani, kwa hiyo usitumie nguvu zako zote wakati wa kwenda. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, fupisha safari. Wakati wa masika vijia vya udongo huteleza kama sabuni. Waachie bata.

La nne: maji. Kunywa kabla ya kiu. Nusu lita kwa kila saa ni kiasi cha chini katika joto letu. Dafu ni zuri pia, lakini lina potasiamu nyingi, na mwenye ugonjwa wa figo asilinywe bila idhini ya daktari. Soda si maji. Ukinywa soda mbili kila unapopumzika, utarudi na sukari uliyokwenda kuimwaga.

La tano: baiskeli yenyewe. Huhitaji ya mamia ya maelfu. Ya mtumba yenye gia chache, iliyopitiwa na fundi wako wa mtaani, inatosha. Mwambie fundi aangalie breki kwanza, kisha tairi, kisha cheni. Watu huogopa kupanda, kumbe ajali hutokea wakati wa kuteremka. Teremka ukitumia breki zote mbili, kidogo kidogo, bila kuikaba ile ya mbele peke yake kwenye changarawe. Vaa kofia ngumu, hata kama jirani atakucheka. Fuvu halina spea. Chukua pampu, viraka na gundi yake, na msiende pungufu ya watu watatu. Mwende pamoja kwa ajili ya usalama barabarani, na pia kwa sababu ambazo mkazi yeyote wa Kisauni anazijua bila kuelezwa.

Ukiwa njiani ukahisi kifua kinabana, maumivu yanakwenda begani au tayani, kizunguzungu, au jasho baridi, simama papo hapo. Usijikaze kiume. Keti kivulini, umwambie mwenzako, na mtafute gari la kwenda hospitali.

Visingizio vyetu

Najua utakayosema. La kwanza utasema baiskeli ni ya maskini. Fikra hii imetugharimu. Mtu akipata kazi nzuri, kitu cha kwanza kukitupa ni baiskeli, na miaka kumi baadaye daktari anamwambia akanunue baiskeli ya kusimama ndani ya nyumba, isiyokwenda popote. Chris Froome, aliyeshinda mashindano ya Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, alizaliwa Nairobi na akafunzwa kuendesha na Mkenya David Kinjah katika vilima vya Kikuyu. Kilichompeleka Paris kilianzia kwenye vijia vya udongo kama hivi vyetu.

Utasema pia kwamba wanawake wetu hawawezi. Kwa nini wasiweze? Suruali pana na kanzu fupi juu yake, mtandio uliofungwa vizuri usiingie kwenye spoki, na kikundi cha akina dada watupu wakitaka, vinatosha kwa stara na kwa afya. Presha haibagui mume na mke. Mama anayejinyima mazoezi kwa kuogopa maneno ya watu atauguzwa na wanawe, si na hao wasemaji.

Kisha utasema barabara zitaniua kabla ya presha. Hapo, msomaji, sina jibu rahisi, kwa sababu una haki. Mwaka 2024 zaidi ya watu 4,700 walikufa katika barabara za Kenya, na kila mwaka watembeao kwa miguu ndio wengi. Siwezi kumwambia mtu aokoe moyo wake kwa kuutoa mwili wake mbele ya lori.

Sharti lisilo mikononi mwako

Hili ndilo sharti nililolitaja mwanzoni. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Tumezoea kudhani haki hiyo ni dawa na vitanda vya hospitali tu. Ukingo wa barabara nao ni afya. Njia ya mita moja na nusu kando ya lami, isiyo na mashimo wala vibanda, inaweza kuzuia viharusi vingi kuliko wadi mpya, na gharama yake ni ndogo mno.

Njia nilizozitaja zinapita katika kaunti tatu: Mombasa, Kilifi na Kwale. Barabara kuu ni za serikali ya kitaifa na ndogo ni za kaunti. Kila mmoja anaweza kumtupia mwenzake lawama, na mwendesha baiskeli akabaki katikati. Naziomba kaunti hizi tatu zikae pamoja zifanye mambo matatu yasiyohitaji mkopo wa nje: ziweke alama za kuonyesha njia za baiskeli kutoka Mazeras hadi Kaloleni na kutoka Kombani hadi Kwale, ziache ukingo wa baiskeli kila zinapotia lami au kukarabati, na zivihifadhi baadhi ya vijia vya udongo vibaki vya watu, baiskeli na punda.

Ombi hili la mwisho si ndoto. Huko Italia, katika kijiji cha Gaiole in Chianti kilicho kwenye vilima vya Toscana, mwaka 1997 watu 92 walianzisha safari ya baiskeli waliyoiita L'Eroica ili kuzitetea barabara nyeupe za changarawe zisimezwe zote na lami. Baiskeli zinazotumika ni kuukuu, za kabla ya mwaka 1987. Siku hizi maelfu ya watu kutoka nchi nyingi huenda huko kila mwaka kupanda vilima hivyo, wakala na kulala vijijini, na njia zilizodharauliwa zimekuwa fahari na riziki. Black Mamba zetu ni kuukuu vile vile, na vilima tunavyo. Rabai ina historia ndefu ya kumsimulia mgeni. Kinachokosekana ni mtu wa kuona kwamba hii ni mali.

Lakini usisubiri alama ziwekwe ndipo uanze. Madai ya mtu asiyeitumia njia hayasikiki. Diwani akiona waendesha baiskeli hamsini kutoka Mjambere wakipita kila Jumamosi, wakiwamo wake kwa waume, wazee kwa vijana, atalazimika kuuliza wanahitaji nini. Akiona njia tupu, atatafuta kura kwingine.

Basi wiki hii fanya mambo mawili. Nenda ukapimwe presha, uiandike namba hiyo mahali utakapoiona. Kisha itoe ile baiskeli nyuma ya mlango, uipeleke kwa fundi. Baada ya miezi mitatu ya kwenda na kurudi, pimwa tena, uzilinganishe namba hizo mbili mwenyewe.